Batman & Robin: Kichekesho Kilichojicheka Chenyewe

Katika filamu ya Batman & Robin ya mwaka 1997, Arnold Schwarzenegger ni Mr. Freeze, mwanasayansi aliyepata ajali ya kemikali na tangu hapo hawezi kuishi kwenye joto. Tunamkuta maskani kwake amevaa joho la nyumbani na ndara za manyoya zenye vichwa vya dubu weupe. Anawaamrisha majambazi wake, mibaba mizima inayotetemeka kwa baridi, wamwimbie wimbo wa katuni ya Krismasi huku yeye akiongoza kwaya. Baadaye mtu huyohuyo anasimama mbele ya tangi la kioo. Ndani yake amelala mkewe Nora, mgonjwa aliyegandishwa ili asife kabla dawa haijapatikana. Muziki unashuka, uso wa Freeze unalegea, na sisi tunatarajiwa kusikitika.

Nilipoitazama mara ya kwanza, kwenye kibanda cha video, kwa mkanda uliokwishachakaa, hatukusikitika. Hatukucheka pia. Watu walikuwa na mazungumzo yao, wengine wakitoka kununua karanga na kurudi bila haraka. Hilo ndilo lililonikaa kichwani miaka yote hii. Hii ni filamu ya dola milioni 125 hivi, ambayo Schwarzenegger peke yake alitajwa kulipwa dola milioni 25. Ina George Clooney, Uma Thurman, magari yanayowaka kama sherehe, mapigano juu ya barafu, na utani katika kila dakika. Iliwezaje kushindwa na karanga?

Jibu la haraka ni kwamba ni ya kipuuzi. Jibu hilo halisimami. Upuuzi wake ulikuwa wa makusudi, na kuna Batman wa zamani aliyekuwa mpuuzi kuliko huyu mara kumi ambaye mpaka leo anatazamwa kwa furaha. Jibu jingine, linalopendwa sana na mashabiki, ni mavazi: suti za Batman na Robin zilichongwa chuchu kifuani, na watu hawakusamehe. Lakini chuchu hizo zilikuwepo tayari kwenye Batman Forever ya mwaka 1995, ya mwongozaji huyohuyo, Joel Schumacher, na filamu ile iliingiza zaidi ya dola milioni 336 duniani kote. Kama chuchu ndizo zinazoua filamu, ile nayo ingekufa. (Schumacher hakuficha kwamba ni shoga, na sehemu ya kelele zilizopigwa juu ya suti zile ilimhusu yeye kuliko filamu. Hilo tuliseme tu, tuendelee.)

Kwa hiyo fundo liko mahali pengine, na ili kulifungua inabidi kwanza tukubaliane juu ya neno. Aina hii ya uigizaji wa kupindukia, wenye rangi kali, maneno makubwa na mapozi, ina jina lake kwa Kiingereza, lakini Kiswahili hakina neno moja linalokaa juu yake sawasawa. Mimi nitatumia mbwembwe. Nalichukua kwa mpiga ngoma: anaurusha mkwiro juu, unazunguka hewani, anaudaka, anaendelea. Tunashangilia kwa sababu ngoma haikukatika. Angeurusha mkwiro, akasimama kuutazama unavyozunguka, halafu akatugeukia na kusema mmeona, tungebaki na mtu aliyeangusha fimbo.

Batman & Robin ni saa mbili na dakika tano za mkwiro hewani.

Tumwangalie yule wa zamani. Kituo cha ABC cha Marekani kilianza kurusha kipindi cha Batman tarehe 12 Januari 1966, Adam West akiwa Batman na Burt Ward akiwa Robin. Kilidumu misimu mitatu, vipindi 120. Ngumi ikimpata mtu, skrini inajaa maandishi ya POW na ZAP. Kila kamera ikiingia maskani ya majambazi inalazwa upande, kana kwamba uhalifu wenyewe umeipinda sakafu. Cesar Romero, aliyecheza Joker, alikataa kunyoa masharubu, basi wakayapaka rangi nyeupe hivyohivyo, na ukitazama vizuri unayaona yamejaa chini ya poda. Hakuna filamu ya leo ingethubutu.

Sasa tazama tukio moja kutoka sehemu ya kwanza kabisa. Batman anaingia kwenye klabu ya dansi usiku, na kinyago chake, masikio yake marefu na joho lake. Mhudumu anamuuliza kama angependa meza ya mbele. Batman anajibu kwa adabu kwamba hapana, atasimama kaunta, asingependa kuvuta macho ya watu. Kisha anaagiza juisi ya machungwa.

West hatabasamu. Hainui hata nyusi. Anaongea kama mwalimu wa zamu anayekumbusha wanafunzi juu ya usafi wa kucha. Kwa Batman huyu, kutovuta macho ni jambo linalowezekana kabisa kwa mtu aliyevaa kama popo, na kwa kuwa yeye ameamini, kazi ya kuona kioja imebaki yote kwetu. Katika filamu waliyotengeneza mwaka huohuo, kuna mahali Batman amebeba bomu lililowashwa utambi, anakimbia gatini akitafuta pa kulitupa. Huku kuna watawa. Kule kuna mama na kigari cha mtoto. Anageuka, wapenzi wawili kwenye mashua. Anageuka tena, bata na vifaranga wao. Jasho linamtoka. Mwishowe analalamika kwamba kuna siku ambazo mtu hawezi kabisa kupata pa kutupia bomu, na analisema kwa uchovu wa mtu aliyekosa daladala ya mwisho. Vicheko vyote vya tukio lile vinatoka kwenye wasiwasi wake wa kweli juu ya wale bata.

Mtayarishaji William Dozier ndiye aliyeng'ang'ania kwamba waigizaji wasioneshe kuwa wanajua ni mzaha. Yeye mwenyewe ndiye sauti ya msimulizi, na aliisoma kama taarifa ya habari ya msiba. Lorenzo Semple Jr., aliyeandika sehemu ile ya kwanza na filamu ya 1966, alikuja kuandika pia Flash Gordon ya mwaka 1980, ambamo Max von Sydow, mwigizaji mzito wa Sweden, anavaa taji na majoho mekundu na kuigiza mfalme katili wa sayari kama vile anaigiza kifo chenyewe. Filamu ile nayo ni ya kipuuzi mno na inatazamika mpaka leo. Kanuni ni ileile.

Kwa kweli sisi hatukuhitaji Wamarekani watufundishe hili. Wakenya waliokua na Vioja Mahakamani wanalijua. Mshtakiwa anatoa utetezi wa ajabu, shahidi anajikanganya, karani anahangaika, lakini hakimu ni hakimu, sheria ni sheria, na kifungo kipo. Hakimu angeanza kucheka, kesi ingeisha, na kichekesho kingeondoka nayo. Na nyuma ya hapo kuna jambo la zamani zaidi. Msimulizi akisema hadithi, hadithi, wasikilizaji hujibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo umeitwa kwa jina lake, umekaribishwa na kupewa kigoda. Anayesimulia habari za sungura aliyemuuzia simba shamba hakatizi katikati kutukumbusha kwamba sungura hawasemi. Tunajua. Tulishakubali mlangoni.

Schumacher alitukumbusha. Tena mara nyingi.

John Glover, aliyecheza mwanasayansi mwendawazimu mwanzoni mwa filamu, amesimulia kwamba kabla ya kupiga tukio Schumacher alikuwa juu ya krini ya kamera na kipaza sauti mkononi, akiwapigia kelele waigizaji wakumbuke kwamba hii ni katuni. Glover aliona kwamba hilo liliwapa ugumu wa kuigiza. Nadhani hapo ndipo penye siri yote. Mwigizaji aliyeambiwa kwamba yeye ni katuni hana tena cha kutaka wala cha kuogopa, kwa sababu katuni yenyewe haijui kuwa ni katuni. Paka anayemfukuza panya kwenye katuni ana njaa ya kweli. Akianguka kwenye jabali, ana muda wa kutazama chini na kuhuzunika. Mtu anayeigiza kuwa katuni ana kitu kimoja tu anachojua, nacho ni kwamba yeye anachekesha.

Ndiyo maana filamu inaanza kwa kukonyeza. Robin anataka gari lake mwenyewe kwa sababu wasichana wanapenda magari. Batman anajibu kwamba hii ndiyo sababu Superman hufanya kazi peke yake. Dakika chache baadaye wako jumba la makumbusho, majambazi wa Freeze wanacheza mchezo wa magongo wa barafuni na almasi la wizi, na mashujaa wetu wanagonganisha visigino, viatu vinachomoza vyuma vya kutelezea. Kwa nini walikuwa na vyuma hivyo? Swali hilo lingekuwa tamu kama Batman angekuwa na jibu la kipumbavu lililofikiriwa kwa makini, kama lile kopo la dawa ya kufukuzia papa ambalo Batman wa 1966 alikuwa nalo kwenye helikopta yake, limeandikwa vizuri kwa herufi kubwa. Huyu wa 1997 hana jibu. Ana vyuma kwa sababu tukio lina barafu.

Halafu kuna kadi ya benki. Kwenye mnada wa hisani Batman anashindana kwa dau na Robin, wote wamepumbazwa na Poison Ivy, jambazi wa kike anayechezwa na Uma Thurman, na Batman anachomoa kadi yenye nembo ya popo, ambayo tarehe yake ya mwisho ni "milele". Analionesha lile kadi kama mtu wa kwenye tangazo na kusema asitoke pangoni bila hiyo, akigeuza usemi maarufu wa matangazo ya American Express. Mpe Adam West kadi hiyohiyo. Angeitazama kwa makini, angehakikisha haijaisha muda, pengine angemhutubia Robin kidogo juu ya hatari ya kununua kwa mkopo. Clooney anaipeperusha tu. Kicheko kimekwishachekwa na filamu, sisi tumeachiwa sahani.

Hapa naomba nieleze kitu ambacho watazamaji wa kwetu wana nafasi nzuri ya kukiona. Tumekulia kwenye filamu zenye sauti mbili: ile ya filamu, na ile ya mtu anayeisimulia juu yake. Lufufu alifanya hivyo kwa Kiswahili Tanzania, DJ Afro anafanya Kenya, na Waganda wana ma-VJ wao. Msimulizi anampa jambazi jina la jirani yako, anamtania stelingi, anashangaa kwa niaba yako. Lakini angalia anachohitaji ili kazi yake iende: filamu iliyoko chini yake lazima iwe imenuna. Mchina wa kung fu lazima awe analipiza kisasi cha mwalimu wake kwa moyo wote ndipo DJ Afro apate pa kuingilia. Ndicho kinachoifanya Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana kutoka Wakaliga, Kampala, iwe tamu vile. Helikopta ni za kompyuta na zinaonekana ni za kompyuta, damu ni nyingi kuliko watu, na sauti ya VJ Emmie inapiga kelele na kufanya masihara mwanzo hadi mwisho. Ila waigizaji wenyewe, vijana wa mtaani, wanapigana kana kwamba Uganda itaanguka jioni ile. Mkonyezo upo, lakini unatoka nje.

Batman & Robin imemeza VJ wake. Inajitania yenyewe, inajishangaa yenyewe, inajipigia makofi. DJ Afro angefika akakuta kazi imeshafanywa, na imefanywa vibaya.

Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, aliligusa jambo hili katika insha yake ya mwaka 1964 iliyopangwa kwa vipengele 58. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mbwembwe zilizo safi ni zile zisizojijua: mtu amekusudia jambo kubwa kwa dhati, limemshinda, na kushindwa kwake kuna uzuri. Zile zinazojijua huwa hazikati kiu. Nakubaliana naye nusu. Adam West alijua kabisa anachofanya, na anakata kiu. Tofauti, naona, iko kwenye nani anajua. Mwandishi ajue, mwongozaji ajue, mwigizaji naye ajue moyoni, hakuna shida. Mhusika ndiye asijue.

Na huo ni upande mmoja tu wa tatizo. Kama filamu hii ingekuwa vituko vitupu, pengine tungeimeza kama pipi. Lakini ilitaka na machozi.

Kisa cha Freeze na mkewe hakikuzaliwa humu. Kilitoka kwenye katuni ya televisheni, Batman: The Animated Series, sehemu ya mwaka 1992 iliyoandikwa na Paul Dini, ambayo ilimchukua jambazi wa barafu aliyekuwa hana maana na kumpa huzuni nzito kiasi kwamba mwandishi alipata tuzo ya Emmy. Freeze wa Dini anaongea polepole, bila utani wowote, kama mtu ambaye moyo umeshaganda kabla ya mwili. Filamu ilichukua kisa hicho chote, ikakiweka ndani ya mtu anayevaa ndara za dubu na kutamka karibu kila neno la Kiingereza linalohusu baridi.

Pale kibandani kulikuwa na jamaa mwenye Kiingereza cha shule aliyejaribu kutufasiria. "Anasema tulieni, lakini tulieni ya baridi." Kimya. "Sasa anauliza ni nini kiliwaua dinosaria. Anajibu mwenyewe, zama za barafu." Kimya. Sikumlaumu. Kuchezea maneno ndiyo mizigo ya kwanza kuangushwa njiani lugha inapovuka mpaka. Ila nimekuja kuitazama tena baada ya kukijua Kiingereza, na utani ule haukupona. Sababu ni mpangilio. Schwarzenegger alijijengea jina miaka ya 1980 kwa maneno mafupi ya namna hii, na yalifanya kazi kwa kuwa yalikuja baada ya hatari: tumebana pumzi, adui ameanguka, stelingi anatupia neno, pumzi inatoka kwa kicheko. Freeze anatupia neno kabla hatujabana chochote. Pumzi itoke wapi?

Tena filamu yenyewe imehakikisha hatubani. Mapema kabisa Freeze anamgandisha Robin na kumwambia Batman ana dakika 11 za kumyeyusha. Anamyeyusha. Robin anakohoa, maisha yanaendelea. Tangu hapo bunduki ya barafu imekuwa kama mvua ya kawaida, ikikupata unakauka. Sisi wa vibandani tunajua stelingi hafi, hilo ni sheria. Lakini starehe yetu yote iko katika kukubali kusahau sheria hiyo kwa saa moja na nusu, na filamu inapaswa kutusaidia kusahau. Hata Bane, ambaye kwenye vibonzo vya mwaka 1993 alikuwa na akili kali na alimvunja Batman uti wa mgongo, humu ni mpagazi wa Poison Ivy anayenguruma tu.

Wakati huohuo Alfred, mtumishi mzee wa nyumba ya Batman, anakufa polepole kwa ugonjwa uleule wa Nora, ila wake uko hatua ya mwanzo, na dawa ya hatua hiyo anayo Freeze. Ni fumbo zuri la hadithi: adui ndiye tabibu. Mwandishi wa mswada, Akiva Goldsman, alikuwa na mifupa ya filamu mkononi. Lakini ili fumbo lile lifanye kazi, kifo lazima kiwe kifo, na filamu imetumia saa nzima kutufundisha kwamba humu hakuna kitu cha kweli. Huwezi kumfundisha mtu kutokuamini halafu ukamwomba aamini dakika tano ukiwa na shida.

Kwa nini watu wenye akili walifanya hivi? Schumacher hakuwa mbumbumbu. Alianzia kwenye ubunifu wa mavazi, alikuwa na jicho la rangi, na mwaka 1993 alimwongoza Michael Douglas katika Falling Down, filamu iliyobana vizuri sana. Chanzo kimojawapo ni duka. Batman Returns ya Tim Burton, ya mwaka 1992, ilikuwa na giza na majimaji meusi yakimtoka jambazi Penguin mdomoni, na wazazi waliolishwa matangazo yake na McDonald's walilalamika. Studio ya Warner Bros. ikataka kitu chenye mwanga. Batman Forever ikatoa mwanga na fedha, kisha inayofuata ikaharakishwa. Schumacher alieleza baadaye jinsi alivyosikia kwa mara ya kwanza msamiati wa biashara ile, kwamba filamu iwe ya "kuchezeka", yaani iweze kugeuzwa vitu vya kuchezea watoto. Waunda vinyago walikuwa na sauti katika magari na zana. Chris O'Donnell, aliyecheza Robin, alisema kwamba safari ya kwanza alihisi anatengeneza filamu, na ya pili alihisi anatengeneza tangazo la vinyago. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mwishoni mashujaa wote watatu, Batgirl akiwemo, wanatokea ghafla na suti mpya zenye rangi ya fedha ambazo hakuna aliyezitaja. Dukani ni bidhaa nyingine.

Uma Thurman peke yake, kwa macho yangu, ndiye aliyekwepa kipaza sauti. Anatokea kwenye mnada ule akiwa ndani ya vazi la sokwe, analivua kipande kwa kipande akicheza, mzaha uliochukuliwa kwa heshima kutoka kwa Marlene Dietrich katika Blonde Venus ya mwaka 1932. Anavuta maneno kama anayeonja asali, na anaamini kila jani lililo mwilini mwake. Poison Ivy anataka mimea itawale dunia. Anataka kweli. Ni upuuzi, na kila anapokuwa peke yake kwenye skrini unatazama.

Filamu iliingiza dola milioni 238 duniani, pungufu kwa karibu milioni 100 kuliko iliyotangulia, na mipango ya filamu ya tano ikafutwa. Batman hakurudi sinema mpaka mwaka 2005. Waliobaki wakajifunza somo, na kwa maoni yangu walijifunza somo la kando. Walidhani kosa lilikuwa rangi na mzaha, basi X-Men ya mwaka 2000 ikawavalisha watu ngozi nyeusi na hata kutania wazo la kuvaa suti za njano. Uzito ukawa fasheni. Kisha mzaha uliporudi, kosa la zamani likarudi nalo. Thor: Love and Thunder ya mwaka 2022 inaanza na baba anayezika mtoto wake jangwani, Christian Bale akiwa amekonda kwa majonzi. Inaendelea na mwanamke anayekufa kwa saratani. Katikati kuna mbuzi wawili wanaopiga mayowe, na wanapiga tena, na tena. Bale anaigiza msiba, filamu inaigiza mbuzi.

Schumacher, aliyefariki mwaka 2020, aliomba radhi katika mahojiano yaliyowekwa kwenye diski ya filamu, akisema nia yake ilikuwa kuburudisha tu. Namwamini. Na kuna dakika moja katika filamu yake ambapo aliacha kipaza sauti chini. Alfred yuko kitandani. Michael Gough, aliyeshika nafasi hiyo katika filamu zote nne tangu 1989, amelala na uso uliopauka. Clooney anakaa kando yake na kumwambia mzee wake kwamba anampenda. Gough anamjibu kwa sauti ndogo. Hakuna popo wala rangi ya zambarau.

Kibandani mazungumzo yalikatika. Nakumbuka mtu wa mbele aligeuka akauliza, "Kwani mzee anakufa kweli?"

"Subiri," akajibu mwenzake, akimenya karanga. "Sasa hivi watatania."

Freeze alipokubali hatimaye kutoa dawa, akachomoa vichupa viwili na kumwambia Batman, kama daktari wa kwenye vichekesho, ameze viwili halafu ampigie simu asubuhi.